Mali Bila Daftari: Jinsi ya Kukagua Vidimbwi vya Samaki Vijijini

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini mfugaji wa samaki anaihitaji vilevile, na serikali inayomfadhili inaihitaji zaidi. Nchini Kenya vidimbwi vya samaki vimewahi kuchimbwa kwa maelfu katika vipindi tofauti, na kila mara swali lililotangulia lilikuwa: vimechimbwa vingapi? Swali la pili, yaani vingapi vina maji, samaki na mtu wa kuvitunza, halikupewa uzito uo huo. Makala haya yananuia kueleza namna ukaguzi wa vidimbwi vya kijijini unavyofanywa, mambo yanayopaswa kupimwa na sababu za kuyapima. Aidha, tutaonyesha kwamba ukaguzi huo huanza na jambo linalotuhusu sana sisi wanafunzi wa Kiswahili, nalo ni uteuzi wa maneno.

Historia fupi

Majaribio ya kufuga ngege katika vidimbwi nchini yalianza mwaka 1924, na mnamo mwaka 1948 kukaanzishwa kituo cha Sagana, ambacho hadi leo ni kitovu cha utafiti wa samaki wa maji baridi. Katika miaka ya 1960 wananchi walihimizwa kula samaki kwa wingi. Vidimbwi vidogo vidogo vikachimbwa katika sehemu za kati na magharibi mwa nchi. Hata hivyo, katika mwongo uliofuata vingi viliachwa. Vifaranga bora walikuwa adimu, mafunzo yalikuwa haba, na maafisa wa ugani hawakutosha.

Historia hiyo ilirejea kwa upana zaidi mwaka 2009. Chini ya Mpango wa Kuchochea Uchumi, serikali iliamua kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na mita mraba 300. Jumla yake ilikuwa vidimbwi 28,000, na vingine vikaongezwa baadaye. Matokeo ya mwanzo yalitia moyo. Samaki wa kufugwa, ambao kabla ya mpango huo walikuwa chini ya tani 5,000 kwa mwaka, walifikia takriban tani 24,000 mwaka 2014. Kufikia mwaka 2017, hata hivyo, kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi takriban tani 12,000.

Vidimbwi havikuhama. Mashimo yaliyochimbwa mwaka 2009 yalikuwa bado pale pale mwaka 2017. Kilichopungua ni maji, vifaranga, chakula na utunzaji, hasa baada ya ruzuku kumalizika. Mtu anayesoma idadi ya vidimbwi pekee hawezi kuuona upungufu huo, maana daftari lake linahesabu mashimo.

Tunahesabu nini?

Kabla ya karani kushika kalamu, sharti ajue anachokihesabu. Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika Kiswahili cha Kenya, neno "bwawa" hutumiwa kwa shimo la mita mraba 300 nyuma ya nyumba ya mkulima, na neno lilo hilo hutumiwa kwa Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, ambalo likijaa hufunika zaidi ya kilomita mraba 100. Neno "lambo" huashiria maji yaliyokingwa kwa ajili ya mifugo au kumwagilia mashamba. "Silanga" hutumiwa kwa karibu maana iyo hiyo, nalo "kidimbwi" laweza kuwa hata maji yaliyotuama barabarani baada ya mvua.

Tuseme karani anauliza, "Je, una bwawa?" Mkulima mwenye lambo la ng'ombe atajibu kwamba analo, ingawa hajawahi kufuga samaki. Jirani yake, ambaye kidimbwi chake kilikauka miaka mitatu iliyopita, atajibu kwamba hana. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yataupotosha ukaguzi. Swali lifaalo ni refu kidogo: "Je, kuna mahali shambani pako palipochimbwa kwa ajili ya kufugia samaki, hata kama sasa hapana maji?" Kishazi hicho cha mwisho ndicho kinachowafichua wafu miongoni mwa walio hai. Isitoshe, swali hilo linapotafsiriwa kwa lugha ya eneo husika, sharti makarani wote wakubaliane mapema juu ya neno moja, la sivyo kila kata itahesabu kitu chake.

Baada ya kidimbwi kutambuliwa, kiwekwe katika mojawapo ya makundi matatu. La kwanza ni la vidimbwi vyenye maji na samaki wanaolishwa. La pili ni la vidimbwi vyenye maji lakini visivyotunzwa, na la tatu ni la vile vilivyokauka au kufukiwa. Kundi la pili lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Utafiti uliofanywa katika eneo la Kisii na kuchapishwa mwaka 2008 ulibainisha kuwa vidimbwi vilivyotelekezwa vilikuwa na viluwiluwi vingi zaidi vya mbu waenezao malaria kuliko vile vyenye samaki, kwa kuwa ngege huwala viluwiluwi hao. Kidimbwi kilichoachwa kinaweza kugeuka kutoka kitoweo hadi maradhi, mbali na hatari ya watoto kutumbukia humo.

Kupima maji

Nguzo ya kwanza ya ufugaji huu ni maji, na kipimo chake hakihitaji mtambo. Mkaguzi hukinga debe la lita 20 kwenye mfereji unaoingia kidimbwini, kisha huhesabu muda ambao debe huchukua kujaa. Debe likijaa kwa sekunde 10, maji yanaingia kwa kasi ya lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku. Kidimbwi cha mita mraba 300 chenye kina cha wastani cha mita 1 huchukua lita 300,000, kwa hivyo kitajaa kwa muda usiotimia siku mbili.

Je, baada ya kujaa? Kila siku kidimbwi hupoteza maji kwa kuvukizwa na jua na kwa kunyonywa na ardhi. Maji yakishuka kwa sentimita 1 tu kwa siku, kidimbwi hicho kitakuwa kimepoteza lita 3,000, ambazo ni sawa na madebe 150. Sasa tuchukulie kwamba wakati wa kiangazi kijito kimenywea hata debe lile lile linachukua dakika 10 kujaa. Hayo ni lita 2,880 kwa siku, pungufu ya kile kinachopotea. Kidimbwi kilichojaa kwa siku mbili wakati wa masika kitaanza kukauka polepole mbele ya macho ya mwenyewe. Hii ndiyo sababu ukaguzi unaofanywa katika miezi ya mvua pekee hutoa picha ya kupendeza isiyo ya kweli. Mkaguzi makini hurudi Februari.

Ubora wa maji nao hupimwa. Ngege hunawiri zaidi katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za selisiasi. Katika nyanda za juu zenye baridi hukua kwa mwendo wa kinyonga, na huko trauti ndiye afaaye iwapo kuna maji safi yanayotiririka. Kuhusu rutuba, mkaguzi huzamisha mkono majini hadi kwenye kiwiko. Iwapo kiganja kinatoweka machoni maji yanapokaribia kiwiko, na maji yenyewe ni ya kijani, basi kuna mimea midogo ya kutosha kuwa chakula cha samaki. Kiganja kikionekana waziwazi, kidimbwi kinahitaji samadi. Kikitoweka mapema mno, huenda rutuba imezidi, na alfajiri samaki wataonekana wakitwetea hewa juu ya maji kwa kukosa oksijeni. Maji yakiwa ya rangi ya hudhurungi, huo ni udongo uliochafuliwa, nao hauwi chakula.

Kupima udongo

Vidimbwi vingi vilivyokauka havikuuawa na jua. Viliuawa siku vilipochimbwa katika udongo usiozuia maji. Mkaguzi huchukua konzi ya udongo kutoka chini ya tabaka la juu, akaulowesha kidogo na kuufinyanga kuwa tonge. Kisha hulirusha tonge hilo juu na kulidaka. Likipasuka, udongo una changarawe au mchanga mwingi. Likibaki zima, kuna dalili njema ya mfinyanzi.

Jaribio la pili ndilo linalothibitisha. Huchimbwa shimo lenye kina cha kufikia kiunoni, likajazwa maji asubuhi. Jioni, baada ya ardhi kushiba, hujazwa tena na kufunikwa kwa matawi. Kesho yake asubuhi maji yakiwa bado mengi shimoni, mahali hapo panafaa. Yakiwa yamekwisha, mkulima ana hiari ya kutandika turubai la plastiki, ambalo ni gharama nyingine, au kutafuta mahali pengine. Jaribio hili la siku moja lingeweza kumwepusha mkulima na hasara ya miaka.

Kupima kilichomo ndani

Kidimbwi chenye maji huenda kikawa na samaki wachache, au samaki wengi wasiofaa kuuzwa. Ngege dume na jike wakichanganywa huzaana upesi, kidimbwi kikajaa samaki wadogo wanaogombea chakula na kudumaa. Kwa hiyo mkaguzi aulize vifaranga walitoka wapi, walikuwa wa jinsia moja au mchanganyiko, na kama kambare waliwekwa ili kuwapunguza wadogo. Halafu avute wavu, awapime samaki wapatao 50 na kutafuta wastani wa uzito.

Tuchukue mfano. Kidimbwi cha mita mraba 300 kikiwekwa vifaranga 3 kwa kila mita mraba hupokea vifaranga 900. Iwapo 8 kati ya kila 10 wamenusurika, wamebaki 720, na wastani wa gramu 250 utatoa kilo 180. Mwenye kidimbwi akisema kwamba alivuna kilo 40 tu, sharti mkaguzi atafute zilikokwenda nyingine. Yamkini mnandi, korongo, kenge au fisi-maji ndio waliotangulia kuvuna. Yamkini wezi wa usiku. Yamkini pia familia imekuwa ikichota samaki wawili watatu kila wiki bila kuandika. Hilo la mwisho si hasara hata kidogo, kwa maana samaki aliyeliwa na watoto nyumbani ametimiza kazi yake. Kosa ni kutomwandika, kwani mpango wa serikali utamhesabu mkulima huyo kuwa ameshindwa.

Vivyo hivyo, mkaguzi asikome kwa yule ambaye jina lake limo katika hati ya shamba. Mara nyingi hati huwa ya mume au baba mkwe, ilhali anayelisha samaki asubuhi na jioni ni mke. Akihojiwa mwenye hati peke yake, majibu kuhusu kiasi cha pumba, bei ya mashudu na idadi ya samaki waliokufa yatakuwa ya kukisia.

Jicho la angani

Msomaji huenda akauliza ni kwa nini tuhangaike kutembea vijijini ilhali setilaiti zinapiga picha za dunia nzima. Vyombo hivyo vina manufaa makubwa, lakini vina mipaka. Mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha tathmini ya maeneo ya Afrika yanayofaa kwa ufugaji wa samaki. Tathmini hiyo ililigawa bara katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 5. Ramani ya namna hiyo huelekeza eneo, lakini haiwezi kumwonyesha mkulima kona ya shamba lake. Picha za setilaiti za Landsat huwa na vijiraba vya mita 30 kwa 30, yaani mita mraba 900, kwa hiyo kidimbwi chetu ni thuluthi tu ya kijiraba kimoja. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupunguza kijiraba hadi mita 10 kwa 10. Kidimbwi sasa kinapata vijiraba vitatu, mradi migomba isikifunike. Picha inaweza kutuambia kwamba pana maji. Kama maji hayo yana samaki, na kama mwenyewe angali na hamu ya kuwafuga, ni mambo ya kuulizwa mlangoni.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ukaguzi wa vidimbwi ni zaidi ya kuhesabu. Ni kupima maji wakati wa kiangazi, kuujaribu udongo kabla ya jembe, kuwapima samaki na kumsikiliza anayewalisha, kisha kurudi tena mwaka unaofuata na maswali yale yale. Tangu mwaka 2013 huduma za ugani zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Kila kaunti inayokusudia kuchimba vidimbwi vipya ingefanya vyema kwanza kuvitembelea vya zamani, maana kukifufua kidimbwi chenye udongo mzuri ni nafuu kuliko kuchimba kipya mahali pabovu.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusidhani kwamba hayo ni ya wanasayansi pekee. Makarani wa ukaguzi wa aina hii huweza kutoka miongoni mwetu, na hojaji inayotumiwa inahitaji mwandishi anayeitambua tofauti ya bwawa, lambo na kidimbwi. Fedha za umma hugawanywa kwa kufuata majibu ya hojaji hiyo. Neno moja likiteleza kwenye karatasi, shimo kavu litaandikwa kuwa kidimbwi, na mkulima aliyehitaji msaada ataandikwa kuwa tayari anao.