Kuuza na kuuzisha: vitenzi viwili vya soko la wachezaji

Chukua sentensi fupi: "Mazembe waliuza Samatta." Mtu wa Dar es Salaam akiisoma ataelewa kwamba Mbwana Samatta ameondoka Lubumbashi. Mtu wa Kampemba akiisikia ataelewa kwamba Samatta amefika. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kuuza ni kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita kununua. Anayetoa mali na kupokea fedha, huyo anauzisha. Kiambishi ni kile kile tunachokiona katika kurudi na kurudisha: anayeuzisha anamfanya mwenzake auze.

Kwa Samatta sentensi zote mbili ni za kweli. Mwaka 2011 alitoka Simba ya Dar es Salaam akaja TP Mazembe. Mwaka 2015 alitwaa na Mazembe Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. Huku tunasema: "Mazembe baliuzaka Samatta ku Simba", kisha "Mazembe baliuzishaka Samatta ku Genk." Tazama ku: katika sentensi ya kwanza inaonyesha alikotoka, katika ya pili alikokwenda. Mwelekeo wote wa biashara umebebwa na kitenzi, na kwa usahihi zaidi, umebebwa na silabi moja, -sha.

Naanza na sarufi kwa sababu vitenzi hivi viwili vinasaidia kuelewa jambo linalowachanganya mashabiki wengi: kanuni za fedha za soka ya Ulaya. Bel-Air, ninapokaa, mzee mmoja jirani, mpenzi wa Lupopo, aliniuliza baada ya kusikia redioni kwamba klabu moja ya Uingereza imebanwa: "Mwana, kama beko na falanga, juu ya nini banabakataza kuuza?" Kama wana fedha, kwa nini wakatazwe kununua? Ni swali zuri. Jibu lake ni kwamba katika daftari za klabu, kuuza na kuuzisha haviandikwi kwa namna moja.

Tuanze na kuuza, kwa maana yetu. Klabu ikimchukua mchezaji kwa milioni 100 na kumpa mkataba wa miaka 5, haiandiki gharama ya milioni 100 mwaka huo. Inazigawa kwa miaka ya mkataba: milioni 20 kila mwaka. Mkataba ukiwa mrefu, kipande cha kila mwaka kinakuwa chembamba. Ndiyo maana Januari 2023 Chelsea walimpa Mykhailo Mudryk mkataba wa miaka minane na nusu. Mwaka huo huo UEFA iliweka kikomo: hata mkataba uwe wa miaka mingapi, gharama igawanywe kwa miaka isiyozidi mitano.

Kuuzisha ni kinyume chake. Tuseme klabu ile ile, baada ya miaka miwili, inamuuzisha mchezaji wake kwa milioni 90. Katika daftari alikuwa amebaki na thamani ya milioni 60. Faida ya milioni 30 inaandikwa yote mara moja, mwaka ule ule. Na mchezaji aliyelelewa na klabu tangu utoto hana bei ya kununuliwa katika daftari, kwa hiyo karibu fedha yote inayopatikana kwake ni faida. Majira ya joto ya 2024 Newcastle walimuuzisha Elliot Anderson, kijana wa akademia yao, kwenda Nottingham Forest, ili hesabu zao zikae ndani ya kanuni. Kanuni iliyotungwa kuzuia matumizi ya kupindukia inaweza, kwa njia hiyo, kuisukuma klabu imtoe kwanza mtoto wake wa nyumbani.

Kanuni zenyewe ni zipi? UEFA ilianza na ile iliyoitwa fair-play ya fedha, iliyopitishwa mwanzoni mwa muongo uliopita: klabu isitumie kupita inachoingiza, ila kwa kiasi kidogo kinachovumiliwa. Mwaka 2022 ilibadilishwa. Sasa kinachopimwa hasa ni mishahara, gharama za kununua wachezaji na malipo ya mawakala, vyote kwa pamoja visizidi sehemu fulani ya mapato: asilimia 90 kwanza, kisha 80, kisha 70. Faida ya kuuzisha wachezaji inahesabiwa upande wa mapato. Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa na kanuni yake: hasara isizidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Kwa kuivunja, Everton walipokonywa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa, na Nottingham Forest wakapokonywa 4 Machi 2024.

Wanafunzi wa lugha tuangalie pia jina. Lile la kwanza liliahidi haki. Jina la 2022 halina tena neno hilo, linazungumzia uendelevu. Nadhani jina la pili ni la kweli zaidi. Kanuni hizi zinailinganisha klabu na mfuko wake yenyewe, hazilinganishi mfuko wa klabu na wa jirani yake. Mwenye mapato ya milioni 800 anaruhusiwa kutumia asilimia 70 yake, na mwenye milioni 20 vilevile. Wote wawili wametii, na pengo kati yao halijasogea. Kumjibu yule mzee: hawakatazwi kuuza kwa sababu hawana fedha, wanakatazwa kwa sababu fedha ya tajiri mwenye klabu haihesabiwi sawa na fedha ambayo klabu imeipata kwa kazi yake. Hilo linaweza kuiokoa klabu isife kwa madeni. Usawa ni jambo jingine.

Na kanuni hizo hazigusi kabisa swali linalotuhusu sisi: yule aliyemlea mchezaji anapata nini? Hapa tuwe waangalifu na vitenzi vyetu, kwa sababu kuuzisha mtu si neno jepesi katika nchi ambayo misafara ya karne ya 19 ilibeba pembe, shaba na watu. Kinachouzishwa katika soka si mtu bali ni miaka iliyobaki ya mkataba wake. Zamani mpaka huo haukuwa wazi. Klabu iliweza kudai fedha hata baada ya mkataba kwisha, mpaka tarehe 15 Desemba 1995, mahakama ya Ulaya ilipoamua kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji. Tangu hapo, ndani ya Umoja wa Ulaya, mkataba ukiisha hakuna cha kuuzisha.

Basi klabu ndogo ikabaki na nini? FIFA iliweka kanuni mbili. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na anapohama kimataifa kabla ya mwaka wa kalenda anaofikisha miaka 23 kwisha. Ya pili ni malipo ya mshikamano: kila mchezaji anapohama kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa kalenda alipofikisha miaka 12 hadi alipofikisha 23. Miaka minne ya kwanza inahesabiwa asilimia 0.25 kila mmoja, na minane inayofuata 0.5 kila mmoja.

Tufanye hesabu ya mfano. Mchezaji anauzishwa kwa milioni 10. Kila mwaka wa utoto wake, kati ya miaka 12 na 15, una thamani ya 25,000. Kila mwaka tangu 16 una thamani ya 50,000. Klabu iliyokaa naye miaka minne ya ujana wake inastahili 200,000. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kwa kanuni hiyo sehemu ya malipo ilikuwa haki ya Mazembe, ya Simba, na ya African Lyon alikoanzia. Genk peke yao ndio waliouzisha, lakini kanuni inawatambua waliotangulia. Tena tusijione wanyonge tu katika hadithi hii. Mazembe, iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010, yenyewe imekuwa mnunuzi mkubwa kwa majirani: Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, waliotwaa Kombe la Afrika na Zambia mwaka 2012, walikuwa wachezaji wake. Lubumbashi imesimama pande zote mbili za -sha.

Kwa miaka mingi ugumu ulikuwa kudai. Klabu ilibidi ijue kwamba mtoto wake wa zamani amehamishwa mahali fulani Ulaya, kisha ipeleke ushahidi kwa wakati. Tangu Novemba 2022 FIFA ina nyumba yake ya malipo, yenye makao Paris, inayokusanya na kugawa fedha hizo. Inafanya hivyo kwa kufuata pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa, mwaka kwa mwaka. Timu ya mtaa isiyosajiliwa haiingii katika orodha, hata kama kocha wake ndiye aliyemfundisha mtoto kupiga mpira kwa mguu wa kushoto.

Hapo kazi inaangukia kwa watu wanaoandika majina, na ndiyo maana nimeileta makala hii katika kitivo cha lugha na si cha uchumi. Mtoto wa Kampemba ana jina, jina la baadaye na jina la ubatizo, na mpangilio wake hubadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine. Mwamba huandikwa pia Muamba. Ngoy huandikwa Ngoie. Leseni ya umri wa miaka 13 ikiwa na tahajia moja na pasipoti ya kusafiria ikiwa na nyingine, daftari la kielektroniki linaweza kuona watu wawili, na msimu mmoja wa malezi ukapotea. Klabu za jiji letu zinahitaji makatibu wanaoandika jina la mtoto kama lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa, kwa tahajia ile ile, kila msimu, tangu ana miaka 12. Kazi hiyo haigharimu hata bei ya jezi moja, na wengi wetu katika kitivo hiki tunaweza kuifanya.