Mtoto wa Malaria Akihema: Tuelewe Mwili Unavyopata Nguvu



Katika mikutano ya vikundi huku kwetu, kuanzia Malindi hadi Ganze, kuna swali linalorudi kila msimu wa mvua: mbona mtoto mwenye malaria anahema kama aliyekimbia, na kumbe hana hata kikohozi? Wengine husema ni pumu, wengine ni baridi ya kifua. Jibu mara nyingi haliko kifuani. Liko ndani zaidi, na kulijua kunaweza kuokoa mwana.

KILA CHEMBE INA MEKO YAKE

Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, ndogo hata macho hayazioni. Shuleni watoto huziita seli. Kila chembe inataka nguvu: ya msuli ipate kuvuta, ya moyo ipate kupiga, ya ubongo ipate kufikiri. Nguvu hiyo inatoka kwenye chakula. Sima, muhogo au wali vikishasagika tumboni huwa sukari nyepesi iitwayo glukosi. Damu huipeleka kwenye chembe, pamoja na oksijeni tunayoivuta kwa mapafu.

Chembe huanza kwa kuikata glukosi vipande viwili. Kisha vipande hivyo huingia katika meko madogo sana yaitwayo mitokondria, na humo huunguzwa kwa msaada wa oksijeni. Si moto wa kuwaka, la. Ni kuungua polepole, hatua kwa hatua. Mwishoni hutoka maji na hewa chafu tunayoitoa puani, na nguvu huwekwa katika kitu kiitwacho ATP. Hiyo ATP ni kama sarafu: kazi yoyote mwilini hulipwa kwayo. Huku ndiko kupumua kwa chembe. Mapafu ni wachukuzi tu.

OKSIJENI IKIKOSEKANA

Sote tunaujua mnazi. Mgema akiushusha asubuhi ni mtamu. Ukikaa mpaka jioni, utamu umepungua, povu limejaa na ukali umeingia. Ni kwa sababu mna vijidudu vya chachu vinavyokula ile sukari bila kuhitaji oksijeni, na kutoa pombe na gesi.

Chembe zetu nazo zina njia yao ya mkato. Zikikosa oksijeni, hukata glukosi vipande viwili na kuishia hapo, kwa maana meko hayawaki. Hatutoi pombe sisi, bali hutoka asidi ya laktiki, na damu huanza kuwa chachu. Hasara yake ni kubwa: glukosi moja ikiungua kwa oksijeni hutoa ATP zipatazo 30, lakini kwa njia ya mkato ni 2 tu. Sukari inakwisha upesi, na nguvu haitoshi.

MALARIA INAINGIAJE HAPO?

Vimelea vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Hapo hufanya madhara matatu. Kwanza, huzipasua, na damu hupungua. Pili, zile zenye vimelea hung'ang'ania kuta za mishipa midogo na kuiziba, kwa hiyo oksijeni haifiki. Tatu, vimelea vyenyewe hula glukosi ya mtoto na kutoa asidi ile ile.

Damu ikiwa chachu, ubongo huamrisha kifua kupumua kwa nguvu ili kutoa hewa chafu, maana hiyo nayo huongeza uchachu. Basi yule mtoto anahema kwa sababu mwili unajaribu kuisafisha damu yake. Akifika hapo, ameelemewa.

YALIYOONEKANA KILIFI

Haya hayakuletwa kutoka mbali. Kuanzia Mei 1989 hadi Novemba 1991, watafiti waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria katika Hospitali ya Kilifi, wakati huo ikiitwa ya wilaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Watoto 64 walifariki, na 54 kati yao walikuwa na shida ya kupumua, au fahamu zimepungua, au yote mawili. Tena, zaidi ya wanane katika kila kumi waliofariki, walifariki kabla ya saa 24 kupita tangu kulazwa. Utafiti uliofuata papo hapo Kilifi ulionyesha kwamba kule kupumua kwa kina mara nyingi ni dalili ya asidi katika damu. Madaktari wa nchi nyingi wamejifunza kutokana na watoto wetu. Itakuwaje sisi wenyewe tusijue?

TUFANYE NINI?

1. Mtoto mwenye homa akipumua kwa kina au kwa shida, akishindwa kukaa au kunyonya, akilegea, au akipatwa na degedege (wengine husema nyuni), apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kupambazuke. Dawa ya dukani haitoshi hapo.

2. Kama anaweza kumeza, anyonyeshwe njiani. Asiyenyonya apewe maji ya sukari: vijiko vya chai vinne, visijae kupita ukingo, katika kikombe cha mililita 200 za maji safi. Meko yake hayana kuni. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni.

3. Kila kikundi kiwe na akiba ya dharura, hata ikiwa ndogo, na nambari ya mwenye bodaboda au gari anayekubali kutoka usiku. Fedha hizo zisikopeshwe kwa shughuli nyingine.

4. Tuchangie damu. Mtoto aliyeishiwa damu hana kitu cha kubebea oksijeni, na damu haiuzwi dukani. Inatoka kwa mtu mzima mwenye afya.

5. Watoto walale ndani ya neti kila usiku, hata kiangazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Kutoka kijijini kwetu hadi hospitali ni saa ngapi, usiku? Nani hutoa ruhusa ya mtoto kupelekwa, na asipokuwepo je? Akiba yetu leo inatosha nauli ya safari moja?

Kikundi kitakachoyajibu haya matatu kabla ya mvua kitakuwa kimefanya kazi ya maana sana.