Herufi moja inaweza kula miaka yako ya kazi

Kule Kolwezi kila mutu anajua kazi ya mwenye kuendesha kamio na ya mwenye kuunga vyuma. Lakini kuko kazi moja isiyo na vumbi wala kofia, na ndiyo inashika mushahara wa wote. Ni kazi ya mwenye kuchunga mashini ya majina katika biro ya RH. Wakubwa wanamwita analisti wa sisteme.

Kazi yake ni nini? Asubuhi unapitisha karte yako mulangoni, mashini inaandika saa. Ni yeye ndiye aliyeifundisha kuhesabu. Sheria inasema saa 45 kwa juma. Zikizidi, 6 za kwanza zinaongezwa 30 kwa mia, zinazofuata 60 kwa mia, na siku ya mapumziko inalipwa mara mbili. Akiandika kanuni vibaya, kosa halipati mutu mumoja: linapata kila mutu, kila mwezi.

Kwa wafanyakazi wa sutretansi matata ni mengi zaidi. Saa zako zinaandikwa mulangoni mwa mine, lakini mushahara unatoka kwa kompanyi ingine iliyokukopesha pale. Kati ya mashini mbili hizo kunapita liste ya majina. Jina likikosa kulingana, saa zinabaki njiani.

Na sisi watu wa Sandoa, majina yetu yanajua kusumbua mashini. Karani mumoja anaandika Tshinyama kwa namna ya kifaransa, mwingine anaandika Chinyama. Kwa mama yake ni mutoto mumoja, lakini mashini inaona watu wawili. Ongeza tena wazee waliopata mikanda yao kisha mwaka 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya kizungu: kwenye mukanda wa zamani hakuna Jean, kwenye karte ya uchaguzi ya leo Jean iko.

Hii si mambo ya maandishi tu. Kila mwezi CNSS inapashwa kupata 5 kwa mia kutoka mushahara wako, na 13 kwa mia kutoka kwa mwenye kompanyi. Feza hiyo inaingia kwa jina na kwa namba. Siku ya pansio, ao siku mujane anapokuja kuomba haki yake, atasimama mbele ya dirisha na mikanda ya watu wawili. Wazee wa Gécamines wanajua uzito wa dosie. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao waliingia katika ile mipango ya kuondoka kwa mapenzi, iliyolipwa kwa musaada wa Banque mondiale. Miaka mingi kisha, wengine walikuwa wangali wanabishana juu ya hesabu yao.

Basi, karatasi ya mushahara usiitupe. Mwenye kompanyi anapashwa kukupa hesabu iliyoandikwa kila anapokulipa. Angalia jina: iko sawa na ya karte yako, herufi kwa herufi? Angalia matrikile, namba ya CNSS, hesabu ya watoto, saa za juu. Ukiona kosa, usimalizie kwa mudomo. Andika barua, chunga kopi yenye muhuri ya mapokezi, julisha delege wa sendika. Wakikukatalia, inspeksyo ya kazi iko. Na bibi aliyebaki Sandoa awe na picha ya mikanda yote, maana kifo hakipigi hodi.

Tuseme neno moja kwa wazazi. Kazi hii inaomba hesabu, sheria na ordinatere, na mutoto wa shule anaweza kuisoma. Lakini inaomba tena kitu kisichofundishwa katika ordinatere: kujua watu. Kijana wa kwetu akikaa mbele ya mashini ile, ataona Tshinyama na Chinyama, atasimama kidogo, atauliza. Swali lile moja linaweza kuokoa miaka 20 ya mutu.