Kabla ya Kupaka Rangi: Mwongozo kwa Anayekarabati Nyumba Kongwe kwa Mikono Yake

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba kongwe, hata hivyo, wapo wengi walioziba ufa na bado wakaja kujenga ukuta, kwa kuwa waliuziba bila kuuliza umetoka wapi. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, au mpangaji aliyepewa ruhusa, anayekusudia kuikarabati na kuipamba nyumba ya zamani yeye mwenyewe. Hatukusudii kumkatisha tamaa. Kazi nyingi za ukarabati zinawezekana kwa mtu mwenye subira, ndoo, brashi na ngazi madhubuti. Tunalotaka alifahamu ni kwamba rangi huja mwisho. Pale inapotangulia, fedha ya mlaji hupotea, na mara nyingine afya ya watoto wake huharibika.

UJUE UKUTA ULIO NAO

Nyumba za kale za mwambao, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mombasa na Bagamoyo, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Kuta zake ni nene, aghalabu kiasi cha nusu mita. Ukuta wa aina hii hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa polepole kwa njia ya mvuke kupitia vitundu vidogo vya lipu yake. Ndiyo sababu mafundi husema kwamba ukuta wa chokaa unapumua.

Saruji ni ngumu zaidi, nayo haipitishi mvuke kwa urahisi kama chokaa. Mtu anapobandua lipu ya chokaa iliyochakaa na kupiga ya saruji mahali pake, au anapopaka rangi ya mafuta juu ya chokaa, huwa ameufunga ukuta mdomo. Maji yaliyokuwa yakitoka hubaki ndani. Chumvi iliyomo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma; rangi hututumka, kisha huanguka vipande vipande. Baada ya muda chokaa inayoshika mawe hulegea, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza pasipo mtu kuona. Mwenye nyumba hununua ndoo nyingine ya rangi na kupaka upya, na masika yanapofika doa hurudi palepale.

Kuutambua ukuta si kazi ngumu. Chagua mahali pasipoonekana, ukwaruze lipu kwa ncha ya msumari. Lipu ya chokaa hukwaruzika na kutoa unga mweupe au wa rangi ya mchanga. Ya saruji ni ya kijivu na huukataa msumari. Ukiona ni chokaa, itengeneze kwa chokaa. Nyumba iliyojengwa kwa matofali ya saruji hustahimili lipu ya saruji, lakini hata hiyo haipakwi rangi ikiwa na unyevu.

TAFUTA MAJI YANAKOTOKA

Unyevu ndio adui wa kwanza wa nyumba kongwe, nao huacha alama. Doa lililo juu, karibu na dari, huelekeza kwenye paa au mfereji wa maji ya mvua uliopasuka. Doa linalokua hata wakati wa kiangazi, karibu na bafu au jiko, huelekeza kwenye bomba linalovuja. Ukanda wa chumvi nyeupe na lipu iliyovimba chini ya ukuta, usiozidi sana kimo cha mita moja, aghalabu ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Mara nyingi husababishwa na udongo au sakafu ya nje iliyoinuliwa hadi ikaukaribia ukuta, au na maji ya mvua yanayomwagwa kwenye msingi.

Iwapo hujui kama unyevu watoka ukutani au ni wa hewa ya chumbani, fanya jaribio hili. Bandika kipande cha nailoni angavu, cha sentimita 45 kila upande, na ukizibe kingo zote kwa gundi ya utepe. Kiache kwa siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, chumba kinahitaji hewa: fungua madirisha, na usianike nguo ndani.

Ufa nao upimwe kabla ya kuzibwa. Weka alama ya penseli kwenye kila ncha yake na uandike tarehe kando yake. Ukiona baada ya miezi michache umevuka alama, ukuta bado unatembea, na kuuziba ni kuficha habari. Ufa unaoweza kupitisha kidole, au uliokata ukuta kwa ngazi kutoka dirishani, uonekane na mhandisi au fundi mwashi mzoefu.

Ukishaziba chanzo cha maji, ngoja. Ukuta mnene hukauka kwa miezi, wala si kwa siku. Chumvi inayojitokeza wakati huo ipanguse kwa brashi kavu; ukiiosha kwa maji utakuwa umeirudisha ndani.

VUMBI LA RANGI YA ZAMANI

Hapa ndipo hatari kubwa kuliko zote inapokaa kimya. Rangi nyingi za miaka iliyopita, hasa za mafuta zilizopakwa kwenye milango, madirisha na nondo, zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na zikauke upesi. Rangi hiyo ikiwa imeshika vizuri, madhara yake ni machache. Inapopigwa msasa ikiwa kavu, au kuunguzwa kwa moto ili ibanduke, risasi hugeuka vumbi na moshi unaoingia mapafuni, sakafuni na mikononi mwa watoto.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto mdogo, risasi hudhuru ubongo unaokua na kupunguza uwezo wake wa kujifunza, na madhara hayo huenda yasiondoke maishani mwake. Mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Dalili hazionekani mapema, na kwa sababu hiyo wazazi hawashtuki.

Kwa hiyo, ichukulie rangi ya zamani ya mafuta kuwa ina risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Kama haijabanduka, iache mahali pake: ioshe, ikauke, kisha upake juu yake. Kama imebanduka, fuata taratibu hizi.

Watoto na wajawazito wasiwemo ndani ya nyumba wakati wa kazi, wala kabla ya usafi kukamilika. Toa vyombo, vyakula na magodoro. Tandika nailoni sakafuni. Lowesha rangi kwa maji ya kunyunyiza kabla ya kuikwangua, na utumie msasa wa maji. Usitumie moto, wala mashine ya msasa isiyofyonza vumbi. Vaa barakoa ya chujio yenye alama ya FFP3 au N100. Kitambaa hakizuii vumbi hili. Ukimaliza, kunja nailoni kwa ndani pamoja na mabaki, na usiyachome wala kuyamwaga shambani. Safisha kwa kitambaa kilicholowa, kamwe si kwa ufagio mkavu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, nawe uoge kabla ya kumbeba mtoto.

KAZI ZISIZO ZAKO

Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ufundi. Kazi tatu tunashauri usizifanye mwenyewe.

Ya kwanza ni paa la asbesto. Ni mabati ya kijivu yenye mawimbi, yanayofanana na saruji, na yaliezekwa kwenye nyumba na majengo mengi ya zamani. Ukiyakata, ukiyatoboa au kuyavunja, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza miaka mingi baada ya vumbi kuvutwa. Usiyasugue, usiyapande, wala usiyachukue mabaki yake kujengea banda. Wasiliana na halmashauri yako kabla ya mtu yeyote kuyagusa.

Ya pili ni kubomoa ukuta ili kupanua chumba. Vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba kwa sababu maalumu: dari na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake wa kawaida ni kama mita 3. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na kila ukuta wa upande unabeba mzigo. Ukiuondoa ukuta huo, umeiondolea dari miguu.

Ya tatu ni umeme. Nyaya zilizokauka maganda, au zilizofukiwa kwenye ukuta wenye unyevu, zikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Kwa upande wako, zima swichi kuu kabla ya kulowesha au kukwangua ukuta wenye soketi.

Kumbuka pia kibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu mwaka 2001. Katika miji ya namna hiyo hata kubadili mlango au lipu ya nje huhitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi. Kwingineko, uliza halmashauri.

KUPAKA CHOKAA

Kwa ukuta wa chokaa uliokwisha kukauka na kutengemaa, chokaa ya kupaka ndiyo pambo lake la asili, nayo ni nafuu. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Ile iliyotoka tanurini hufoka na kutoa joto kali inapokutana na maji, na haifai kuchanganywa nyumbani. Hata iliyozimwa huunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 20, kisha nenda hospitali.

Changanya mpaka iwe nyepesi kama maziwa, uchuje kwa kitambaa, na uupake ukuta ulionyunyiziwa maji kidogo. Mkono wa kwanza huonekana kama haujafanya kitu, kwa kuwa weupe hujitokeza chokaa inapokauka. Usiongeze uzito; ongeza mikono. Mitatu hadi mitano myembamba, kila mmoja kwa siku yake, hudumu kuliko mmoja mzito, ambao hupasuka na kuacha unga.

UNAPOKWENDA DUKANI

Pima kabla ya kununua. Chumba cha mita 3 kwa 5, chenye kimo cha mita 3, kina kuta za mita za mraba 48. Toa mita 5 za mlango na madirisha, zibaki 43. Mikono miwili ni mita za mraba 86. Iwapo lebo inasema lita moja inatosha mita 10 za mraba, utahitaji lita 8.6, yaani makopo mawili ya lita 4 na moja la lita 1. Ukuta wa zamani hunywa zaidi, hivyo paka kwanza sehemu ndogo ujue kiasi chake halisi.

Soma lebo. Tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, jina la mtengenezaji, tarehe na namba ya toleo. Uliza kama rangi haina risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni sehemu 90 katika kila milioni. Makopo ya chumba kimoja yawe ya toleo moja, ili rangi zisitofautiane. Dai risiti na uitunze pamoja na kopo moja tupu. Bila hivyo viwili, malalamiko yako hayatakuwa na mguu wa kusimamia.

Muuzaji akikuhakikishia kwamba rangi yake "inaua unyevu", mwulize maji yatakwenda wapi. Hakuna rangi inayokausha ukuta ambao bado unanyeshewa.

Kwa muhtasari, utaratibu wa kazi ni huu: paa na mifereji kwanza, mabomba na msingi, umeme, subira ya kukauka, lipu, na rangi mwisho wa yote. Anayeufuata hutumia miezi mingi zaidi, lakini hununua rangi mara moja.