Mchochota wa Tezi Dume (2): Pima mkojo kabla ya kumeza dawa

Wiki iliyopita tulieleza kazi ya tezi dume. Leo tuangalie mchochota wake, yaani tezi inapovimba na kuuma. Saratani ya tezi hii huwapata zaidi wazee, lakini mchochota huwapata hata vijana wa miaka 25.

Chanzo kimoja ni bakteria. Mara nyingi ni E. koli, anayeishi utumboni, akipanda kupitia njia ya mkojo. Kisonono na klamidia nazo huweza kufika huko, na mpira wa mkojo huweza kuwapitisha bakteria. Mchochota ukianza ghafla, mgonjwa hupata homa na kutetemeka, na mkojo humchoma au hugoma kutoka. Huyo awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Hata hivyo, wagonjwa walio wengi hawakutwi na bakteria. Huumwa kinena, korodani au nyonga kwa miezi 3 na zaidi, na huenda tatizo likawa misuli ya nyonga iliyokaza au mishipa ya fahamu. Hawa ndio wanaozunguka maduka ya dawa wakiambiwa wana “UTI sugu”, wakimeza antibiotiki hii na ile bila nafuu.

Kipimo cha kwanza ni mkojo. Acha wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati kwenye kichupa safi. Maabara huuotesha ili kumjua bakteria na dawa inayomuua. Ukitangulia kumeza dawa, bakteria anaweza asiote, na daktari akakosa ushahidi.

Kisha daktari huvaa glavu, hupaka kidole mafuta na kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Ni kazi ya muda mfupi. Tezi yenye maambukizi makali huuma ikiguswa, na haikandwi, kwani bakteria wanaweza kusukumwa kwenye damu. Kwa ugonjwa sugu, huweza kukandwa taratibu, kisha mkojo wa kabla na wa baada ukalinganishwa.

Jihadharini na PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume: mchochota hukipandisha bila saratani kuwapo. Ni vyema kusubiri wiki 6 hadi 8 baada ya kupona ndipo kirudiwe.

Ndugu zangu wanaume, msiache aibu ya kidole iwanyime jibu sahihi. Wiki ijayo tutazungumzia matibabu.