Mugonjwa wa kitandani: mugeuze kila masaa 2

Kuna ugonjwa mumoja ambao hauletwi na mbu, wala maji machafu, wala vumbi la shimoni. Unaletwa na kitanda. Jina lake ni kidonda cha kulala. Tuseme juu yake leo, sababu kila mutumishi anaweza kuvunjika siku moja, na kila mama wa kambi anaweza kuwa munganga wa nyumba yake.

Mutumishi mumoja aliangukiwa na jiwe shimoni, mufupa wa paja ukavunjika. Ku hospitali walimupasua vema, na kisha majuma machache akarudi nyumbani. Bibi yake aliambiwa: «Apumzike sana.» Mama akashika neno lile. Hakumusogeza hata kidogo, alimuhurumia sababu ya maumivu. Siku ya 9 nilipita kumutazama. Ku mulango tu nilisikia harufu.

— Mama, mugongo wa baba uliuona lini?

— Munganga, mulisema apumzike. Nilimuacha apumzike.

Tulipomugeuza, tulikuta kidonda kipana kama kiganja, pale mugongo unapoishia. Muguu ulipona mbele ya kidonda kile. Miezi 3 tena alilala ku hospitali. Mama alilia, lakini kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi wanganga: tulimupa neno, hatukumuonyesha kazi. Basi, kazi yenyewe ndiyo hii.

SABABU YAKE. Mutu akilala pahali pamoja, uzito wake unabana nyama katikati ya mufupa na godoro. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu inakufa, sawa vile shamba lisilopata maji. Uharibifu unaweza kuanza kwa masaa machache tu. Jasho na mukojo vinalainisha ngozi na kuharakisha kidonda.

KUGEUZA. Kila masaa 2, muchana na usiku: mugongo, ubavu wa kuume, mugongo, ubavu wa kushoto. Kama ana mufupa uliovunjika ao plasta, uliza kwanza munganga ni ubavu gani unaruhusiwa. Simama upande anaogeukia. Kunja goti lake la mbali, shika bega na kiuno chake, kisha muvute pole pole kwako. Usimukokote juu ya shuka, maana ngozi itachubuka. Kunja magoti yako, usikunje mugongo wako. Kama ni muzito, muite jirani: watu 2 ni bora. Weka muto nyuma ya mugongo, na mwingine katikati ya magoti. Akilala chali, weka muto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Usimukalishe juu ya mupira wa duara, unabana damu pembeni. Mutoto anayesoma aandike saa ya kila zamu ku karatasi, muibandike ukutani.

KUTAZAMA NGOZI. Tazama kila siku visigino, vifundo vya miguu, viuno, matako, mabega, viwiko na nyuma ya kichwa. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, basi gusa pia: pahali palipo na moto, pagumu, ao peusi kuliko pengine, ndipo kidonda kinapoanza. Usipasugue, wala usipake majivu ao dawa ya meno. Usilaze mugonjwa juu yake tena, na uite munganga.

KUOSHA. Nawa mikono na sabuni mbele na nyuma ya kazi. Pima maji ya moto kidogo na kiwiko chako. Anza na uso, malizia na siri za mwili, ukipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Funika sehemu usiyoosha: mugonjwa ana haya yake, umuheshimu. Kausha vema, zaidi mu mikunjo. Shuka iwe kavu, inyooshwe, isiwe na makombo ya chakula. Akijikojolea, mubadilishe mara moja. Kinywa pia kioshwe asubuhi na magaribi.

KULISHA. Muketishe mbele ya kumupa chakula, na abaki ameketi nusu saa kisha kula. Usimulishe mutu mwenye usingizi mwingi, chakula kitaingia mu mapafu. Bukari peke yake haijengi nyama: ongeza maharagi, samaki, yai ao karanga, na sombe. Mupe maji mara nyingi.

USINGOJE ASUBUHI. Muite munganga ao mupeleke ku hospitali kama moto wa mwili umefika 38, kama kidonda kinatoa usaha ao harufu, kama muguu mumoja unavimba na kuuma, ao vidole vyake vimekufa ganzi ndani ya plasta. Akikosa pumzi kwa gafula, ao kifua kikimuuma, mukimbize saa ile ile.

Ninyi watumishi wa shimoni, munajua: mbele ya kutoboa, fundi anagonga paa na baramini, asikie kama jiwe limeachana. Hangoji jiwe lianguke. Na nyumbani ni vile vile: tazama ngozi mbele ya kuifunika na bulangeti.

Na wewe baba, bibi yako akiuguza, shika zamu ya usiku. Mutu mumoja hawezi kuamka kila masaa 2 juma nzima.

Mama yule alifunzwa kazi hii kando ya kitanda, mikono yake mu mikono yetu. Kidonda kilifunga na hakikurudi. Siku hizi, jirani akirudishwa nyumbani na plasta, wanamuita yeye kwanza, mbele ya kuniita mimi. Nami ninafurahi.