Faundesheni Imeisha, Digrii Bado: Maswali ya Kuuliza Kabla Hujatuma Ada

"Shikamoo kaka. Matokeo yametoka, nimefaulu faundesheni. Chuo wanataka ada kabla ya mwisho wa mwezi."

Wengi wetu tumeshapokea ujumbe wa namna hii, tukiwa kazini Muscat, Leicester au Minneapolis. Furaha inakuwa ya kweli, na mkono unaenda wenyewe kwenye simu kutuma hela. Sisi tunasema: mpongeze kwanza, hela itafuata. Hapo katikati kuna maswali ya kuuliza, manake hili neno "faundesheni" limeshakula hela za watu, zetu zikiwemo.

Mmoja wetu hapa alimlipia mdogo wake wa kike mwaka mzima kwenye chuo kimoja kilichojitangaza kwamba "foundation diploma" yake inampeleka mtu chuo kikuu. Alilipa ada, akalipa hosteli, akanunua na laptop. Binti alisoma na akafaulu. Alipopeleka cheti chuo kikuu akaambiwa hakitambuliki kwa udahili, na matokeo yake ya kidato cha nne peke yake hayatoshi. Mwaka ukapotea na hela ikapotea. Kibaya zaidi, binti alijiona yeye ndiye mjinga, wakati aliyelipa bila kuuliza ni kaka yake aliyeko ughaibuni, mwenye intaneti mkononi saa ishirini na nne.

Basi tuongee, ili yasikukute.

Kufungua mlango siyo kupunguza miaka

Ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, likumbuke hili. Cheti kabla ya digrii kinaweza kufanya kazi mbili tofauti. Kuna cheti kinachofungua mlango: kinakuruhusu kuingia chuo kikuu, lakini unaanza mwaka wa kwanza kama wenzako. Na kuna cheti kinachopunguza miaka: kinahesabiwa kama sehemu ya digrii yenyewe, unaingia mwaka wa pili au wa tatu.

Tofauti ya hivi viwili ni tofauti ya kulipa mwaka mmoja na kulipa mitatu. Na matangazo mengi ya vyuo hayakuelezi wazi unapewa kipi. Lazima uulize wewe.

Kama mwanafunzi yuko Tanzania

Katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, faundesheni inayotajwa kwa jina ni ile ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Hiyo ni njia halali na imesaidia wengi. Lakini ina masharti ambayo watu hawayasomi.

Mwanafunzi anatakiwa apate GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wake, iwe sanaa, sayansi au biashara. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokwama, faundesheni hiyo haisimami peke yake. Lazima iambatane na kitu kingine: kidato cha sita chenye angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, au diploma ya chuo kinachotambuliwa yenye GPA isiyopungua 2.0, au cheti cha NTA ngazi ya 5.

Kwa lugha nyepesi: faundesheni ni daraja la mtu ambaye alishafika karibu na mlango akakosa kidogo. Aliyemaliza kidato cha sita lakini hakufikisha pointi 4.0 za masomo mawili zinazohitajika kuingia moja kwa moja. Au aliyemaliza diploma kwa GPA ya 2.4, wakati diploma inayomwingiza mtu chuo kikuu bila daraja inatakiwa iwe na GPA ya 3.0. Wa kidato cha nne peke yake, mwenye cheti cha faundesheni tu na hana kingine, bado yuko nje.

Kwa hiyo kama mdogo wako ana kidato cha nne tu, na ana pasi zake nne au zaidi, ongea naye kuhusu diploma ya kawaida ya chuo kilichosajiliwa na NACTVET. Ni safari ndefu kuliko faundesheni, ndiyo. Lakini akimaliza ana cheti kinachoweza kumpatia kazi hata kama digrii itachelewa, na akifikisha GPA ya 3.0 mlango uko wazi. Akifika kwenye maombi ya chuo kikuu atahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, ile wanayoiita AVN, basi aishughulikie mapema asije akakimbizana nayo dirisha la udahili linapofungwa.

Jambo jingine: GPA ya 3.0 ni kiwango cha chini cha jumla. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Mwenye diploma ya utabibu anayetaka udaktari, kwa mfano, anaangaliwa mpaka masomo yake ya sayansi ya kidato cha nne. Mwongozo wa TCU unatoka kila mwaka, uko wazi kwenye tovuti yao, na unaorodhesha kila chuo, kila kozi na masharti yake. Mwambie mdogo wako akutumie picha ya ukurasa wenye kozi anayoitaka. Asikusimulie kwa mdomo, akutumie ukurasa.

Na baada ya kuingia? Kwa kawaida anaanza mwaka wa kwanza. Digrii nyingi ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari mitano. Faundesheni haijapunguza hata siku moja. Imefungua mlango tu. Bajeti yako ianzie hapo.

Kwa ndugu zetu wa Kenya, hesabu inafanana. C+ ya KCSE ndiyo mlango wa moja kwa moja wa digrii, na mwenye C- huanzia diploma. Kabla ya kulipa diploma, kiulize chuo kikuu unachokilenga: diploma hii mtaipokea, na mtamwingiza mwaka wa ngapi? Jibu liwe la maandishi.

Kama mwanafunzi ni wewe, na uko Uingereza

Hapa neno ni lile lile, vyeti ni vitatu tofauti. Soma vizuri kilichoandikwa kwenye karatasi yako.

Cha kwanza ni mwaka wa faundesheni, au "International Foundation Diploma" wanayosoma wengi waliotoka nje. Hicho kinafungua mlango tu. Baada yake unaanza mwaka wa kwanza. Cha pili ni "Foundation Diploma" ya sanaa na ubunifu, ambayo nayo ni maandalizi ya digrii. Cha tatu ni "Foundation Degree", na huyo ni mnyama mwingine kabisa. Iko ngazi ya 5, sawa na HND, na ina krediti 240. Digrii kamili ya kwanza ina krediti 360. Umebakiza 120 tu, yaani mwaka mmoja wa masomo ya kutwa. Mwaka huo wa kumalizia ndio vyuo vinauita "top-up".

Tazama hesabu. Kwa mwaka wa masomo wa 2025/26, ada ya juu kwa mwanafunzi wa nyumbani katika vyuo vya England ni pauni 9,535. Miaka mitatu kwa bei hiyo ni pauni 28,605. Mwenye HND au Foundation Degree mkononi analipa mwaka mmoja. Tofauti ni pauni 19,070. Tunawajua watu walio na HND kabatini tangu miaka kumi iliyopita, wanafanya kazi za usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee, na hawajui kwamba wamebakiza mwaka mmoja. Kama ni wewe, kitoe hicho cheti leo. Vyuo vingine vinaweka kikomo cha umri wa krediti, hivyo kila mwaka unaopita unaweza kukugharimu.

Angalia pia hadhi yako ya ukaazi kabla ya kitu chochote. Ada ya nyumbani na mkopo wa serikali kwa kawaida ni vya mwenye ukaazi wa kudumu au uraia na aliyeishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi kuanza; wakimbizi wana kanuni zao. Mwenye viza ya kazi mara nyingi anahesabiwa mwanafunzi wa nje, na ada ya wa nje ni kubwa zaidi.

Mkopo wa wanaoanza sasa England unarudishwa kwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Anayepata 28,000 anakatwa kwenye zile 3,000 za juu, yaani pauni 270 kwa mwaka, kama 22 na nusu kwa mwezi. Si makato ya kumtisha mtu. Ila mkopo huu una riba, na kwa Waislamu wengi kati yetu hilo siyo jambo dogo. Anayeikwepa riba aangalie kusoma nusu muda. Kama ada ya mwaka ule wa mwisho ni pauni 9,535 na ukaigawa kwa miezi 24, ni kama pauni 397 kwa mwezi. Ni nzito, lakini kuna watu wanacheza upatu mkubwa kuliko huo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, Open University, kimejengwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi, na kina utaratibu wa kupokea krediti ulizopata kwingine.

Kama diploma yako ni ya Tanzania au Kenya, UK ENIC ndio wanaotoa barua ya kuilinganisha na ngazi za Uingereza. Barua hiyo inalipiwa na hailazimishi chuo kukupokea, kwa hiyo uliza chuo kwanza kama wanaihitaji.

Ghuba na Marekani, kwa ufupi

Walioko Oman: mwaka wa faundesheni wa vyuo vya kule ni Kiingereza, hesabati, kompyuta na mbinu za kusoma. Ni maandalizi. Haupunguzi digrii. Ukiambiwa digrii ni miaka minne, jumlisha na mwaka huo, ndipo upige bajeti ya mtoto.

Walioko Marekani: digrii ya miaka miwili ya koleji ya jamii ni krediti 60, na digrii kamili ni 120. Kabla hujajiandikisha kolejini, uliza ina mkataba wa kuhamisha krediti na chuo kikuu kipi, na kwa kozi ipi. Krediti zinaweza kupokelewa zote lakini nusu yake zisihesabiwe kwenye kozi yako, na hapo umelipia hewa.

Sasa tuje kwenye hela

Kwanza, maswali matatu, yajibiwe kwa barua pepe ya ofisi ya udahili na siyo kwa simu ya mtu. Cheti hiki kinatambuliwa na nani? Kitaniingiza mwaka wa ngapi? Nikimaliza, nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho?

Pili, piga hesabu ya safari nzima. Ada ya muhula wa kwanza haijawahi kumshinda mtu. Inayomshinda ni ya mwaka wa tatu, pale mkataba wako wa kazi umeisha au mwenye nyumba amepandisha kodi. Tenga akiba ya angalau muhula mmoja mbele kabla mtoto hajaanza. Na kama anakidhi masharti ya Bodi ya Mikopo, HESLB, aombe. Mkopo ukitoka, hela yako ibaki akiba ya dharura.

Tatu, vyuo vya umma Tanzania vinapokea ada kwa kontrol namba. Mwanafunzi aitoe kwenye akaunti yake ya chuo, akutumie, mlipe kwa benki au simu, na risiti ibaki kwako. Tangu 2017 maombi ya digrii yanapelekwa moja kwa moja chuoni. Kwa hiyo akitokea mjomba anayesema "nina mtu wangu pale TCU, tuma laki tatu", mjibu kwa heshima na usitume.

Nne, tuma kwa muhula, ukiwa umeshaona matokeo ya muhula uliopita. Huko siyo kumwonea. Mwambie tangu mwanzo kwamba ndivyo mtakavyokwenda, asije akaona umemgeuka.

Na yule binti wetu? Alikaa nyumbani miezi saba, hataki hata kusikia neno chuo. Kaka yake akapiga simu, akamwomba radhi. Wakakaa na mwongozo wa TCU kwenye simu, yeye huku na binti kule, ukurasa kwa ukurasa. Akaanza diploma ya uhasibu kwenye chuo kilichosajiliwa, akatoka na GPA ya 3.6. Sasa yuko mwaka wa pili wa digrii. Safari hii swali la "umesoma masharti?" analiuliza yeye, hata kwa binamu zake.

Ujumbe ukiingia usiku wa leo, itikia salamu. Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Sasa nitumie picha ya cheti chako na ukurasa wa kozi unayoitaka, tusome pamoja.